Kaseti ya Kwanza ya Les Inconsolables

Kwanza niseme kitu moya, na mutu asinikate maneno. Kaseti yetu haikukuwa kaseti ya matanga. Ilikuwa kaseti ya punk. Leo ukipita Butembo mahali batu banakaa kilio, utasikia ngoma yangu ndani ya radio ya mutu, bamama banalia juu yake, na kama nasimama kubaelezea, bananijibu: «Ee mama, tunajua, pole sana.» Pole ya nini? Miye Kavuo, njo nilipigaka ile ngoma, na nakasirika mupaka leo.

Tulikuwa batatu. Cyrille aliimbaka na kupiga gitare. Papa yake alikuwa mwalimu, serikali ilimutuma kwetu kutoka Kindu, kisha vita ikafunga barabara na serikali ikamusahau palepale. Grady alipigaka bass, na alikuwa muongo. Hapana kusema simupendi. Kuna batu benye kupika muzuri, kuna benye kusali muzuri, Grady alidanganyaka muzuri. Na miye nilipigaka ngoma: fûts, mapipa mbili za plastiki, bidon tatu za mafuta ya mawese, na kifuniko cha sufuria ya harusi ya marehemu mama.

Ile bidon ilikuwa ya yaya yangu, kaka yangu mukubwa, Ésaïe. Njo yeye alinifundisha kuipiga, nyuma ya nyumba, kila mara mafuta ikiisha. Mwaka vita ya pili ilianza, yaya alipanda camion na magunia ya maharagi, akaenda Kisangani. Alisema atarudia mbele ya Noëli. Hakurudiaka. Hakuna barua, hakuna mutu mwenye alimuona, hakuna maiti. Na papa yangu, Muzee Siméon, alisema: bila maiti, hakuna matanga. Akakataza mutu yeyote kulia ndani ya nyumba yake. Kila mangaribi alipakua bugali ya Ésaïe mbele ya yetu, akafunika sahani na sahani ingine, akaweka kwa meza. Asubuhi anapatia kuku. Jina ya Ésaïe hapana kuitaja, sahani yake hapana kuigusa. Miye nilitaka kitu moya tu katika ile vita yote: nilie yaya yangu, papa akiwa pale, asinikataze.

Sasa muziki. Cyrille alinunua koti kwa soko, kwenye balo ya nguo za Ulaya, na ndani ya mufuko akakuta kaseti haina jina. Tuliisikiliza kwa radio ya Grady mupaka betri ikakufa. Kijana moya analia na kupiga kelele, gitare zinagombana, ngoma inakimbia sawa mutu mwenye anafuatwa na imbwa. Hatukusikia maneno yake ata moya.

«Huyu mutu anaumwa tumbo,» Grady akasema.

«Hapana,» Cyrille akajibu, «iko na huzuni, na anakasirika juu iko na huzuni. Hii inaitwa punk, mais ile ya kulia.»

Nilisikia kifua yangu inafunguka. Mutu analia na anakasirika pamoja, na hakuna papa mwenye anamwambia anyamaze! Nikasema, basi, njo hii. Tukajiita Les Inconsolables, ni kusema batu bale hapana kuweza kufarijiwa. Jina ilitoka kwa Cyrille, juu yeye njo alikuwa na dictionnaire.

Mwenye ile balo alikuwa na rundo ya nguo nyeusi yenye hakuna mutu alitaka: suruali ya kubana, mupira ya kuvala yenye kuchorwa mifupa. Nani Butembo anavala nyeusi toka kichwa mupaka miguu kama hakufiwa? Alitupatia karibu bure, ata akatusaidia kubeba. Cyrille akaongeza masizi ya sufuria chini ya macho. Siku ya kwanza niliingia na ile nguo ndani ya nyumba, papa alinisimamisha kwa mulango.

«Hiyo nyeusi ni ya nani?»

«Ya orkestra, papa.»

«Ya orkestra tu?»

«Ya orkestra tu.»

«Bon. Ya orkestra inaweza.»

Akaenda kufunika sahani. Unaona namna gani nyumba yetu ilikuwa.

Kurekodia kaseti, tulienda Beni. Kule, kwenye commune ya Beu, kulikuwa Ézéchias, mwenye alirekodiaka kwaya ndani ya chumba yake ya kulala. Tukapanda camion na bidon imefungwa ndani ya pagne, kitambaa ya bamama. Kwenye barrière, pale basoda banafungaka barabara, musoda moya akatuangalia: batu batatu ba nyeusi, moya na masizi machoni.

«Nani akufi?» akauliza na Lingala yake, na sauti ikakuwa ya huruma.

Nilifungua kinywa niseme hakuna mutu alikufa. Grady akanitangulia.

«Tonton yangu Phinées, ndugu ya mama, wa Kipese.»

«Kipese si iko kule nyuma, upande wa Lubero? Mbona munaenda Beni?»

«Alikuwa wa Kipese, chef, mais alifia Beni. Njo kitu inatuumiza sana.»

Musoda akatosha kofia. Hakufungua mizigo, hakuomba kitu. Pa ile barrière! Pale ata padri aliachaka kuku.

Mais ndani ya camion mulikuwa Mama Kyakimwa, mama prezida wa shirika yetu ya parokia, amekaa juu ya magunia yake ya samaki ya chumvi. Alisikia yote. Akafanya ishara ya musalaba, akatugawia ndizi, akaanza kulia.

«Njo tonton mwenye alikulea?»

«Mwenye alinilea,» Grady akasema, na ndizi ndani ya kinywa.

Alilia mupaka Beni. Nilimufinya Grady mukono mupaka ikavimba, mais uongo ikitoka imetoka, ni sawa pilipili ndani ya supu, hautaitosha tena.

Kwa Ézéchias, matela ilikuwa imesimama kwenye ukuta juu ya kuzuia sauti, na groupe ya umeme inavuma nyuma ya dirisha. Cyrille alipopiga kelele ya kwanza, Ézéchias akazima machine, akakimbia kuona ni nani ameumia.

«Hakuna, papa, ni nyimbo.»

«Ah. Na aleluya inaingia wapi?»

«Hakuna aleluya.»

«Ata mwisho?»

«Ata mwisho.»

Akatikisa kichwa. Bila kutuuliza akatuwekea mwangwi ya kanisa, na kwenye nyimbo ya pili tukamukuta anaongeza kinanda ya Noëli, nikapiga kelele kuliko Cyrille. Kwenye nyimbo ya tatu jogoo ya jirani iliwika katikati. Miye nilitaka turudilie. Cyrille akakataa, akasema ile jogoo iko na huzuni ya kweli. Njo maana iko ndani ya kaseti mupaka leo, na batu banafikiri tulifanya kusudi.

Nyimbo ya mwisho ilikuwa yangu. Maneno niliandika miye, nikamupatia Cyrille aimbe. Inaitwa «Sahani Yako»:

*Sahani yako imefunikwa,
bugali yako inapoa.
Kuku njo inakula, yaya,
na miye banikataza kulia.*

Nilipiga mupaka bidon moya ikapasuka. Ézéchias hakuuliza aleluya mara hii. Alizima machine pole pole, akatoka inje kuangalia groupe yenye haikukuwa na shida.

Tuliporudia Butembo na kaseti ndani ya karton, Mama Kyakimwa alikuwa ametutangulia. Quartier yote ilijua. Bamama balikuya na maharagi, na avoka, na ndizi za kupika. Kila mutu anashika mukono ya Grady na kusema, «Pole, mwana, Mungu Nyamuhanga njo anajua.» Grady anainamisha kichwa, anapokea. Nani angemukatalia? Mama yake alikuwa Oicha kwenye shamba ya cacao, na barabara ya Lubero ilifungwa na vita, hakuna mutu alitoka Kipese.

«Sema ukweli,» nikamwambia.

«Nitasema. Mais tumalize kwanza maharagi.»

Bamama bakaanza kuuliza ni nini ilimuua. Grady akasema kasiksi, pombe ya ndizi. Sijue juu ya nini alichagua kasiksi. Muongo mukubwa anapendaka kuongeza chumvi, njo kitu inamuangusha.

Kisha tukaenda bureau kuomba ruhusa ya concert, batu basikie kaseti. Mukubwa mwenye alikaa pale hakuinua ata macho.

«Wakati wa vita hakuna mikutano. Misa na matanga, basi.»

Grady akaniangalia.

«Hapana, Grady.»

«Sikusema kitu.»

«Macho yako imesema.»

Mais haikukuwa ata lazima aseme. Mama Kyakimwa alikuwa amekata shauri yake. Batoto hawa, alisema, bamevala nyeusi sana, sasa yatosha, shirika itabatosha kilio. Kwetu iko hivi: wakati ya huzuni ikiisha, batu banakusanyika, banaimba, banakula, kisha bamama banakuvua ile nyeusi na kukufunga pagne ya rangi mbele ya macho ya bote. Na hapana mutu kuondoka mbele ya ile pagne kufungwa. Alichagua siku ya Mungu muchana, na parcelle, kiwanja ya nyumba ya papa yangu, juu njo ilikuwa kubwa. Papa hapana kuweza kukatalia bajirani kitu sawa hiyo.

Akaniita. «Nasikia mutapiga ile makelele yenu.»

«Ee, papa.»

«Bon. Kama batu banabakia mupaka nyimbo ya mwisho, utaendelea kupiga. Kama banaondoka, bidon inarudia kazi ya mafuta.»

«Na utasikiliza weye pia? Mupaka nyimbo ya mwisho?»

«Nitakuwa kwa mulango,» akasema. Sikulala muzuri ile wiki.

Siku ya Mungu parcelle ilijaa. Tukakopa groupe na bafle mbili za kutoa sauti. Bamama ba shirika chini kwenye mikeka, bapapa kwenye viti, sufuria ya maharagi inachemuka nyuma ya jiko. Ile siku papa hakungojea mangaribi, alipakua bugali ya Ésaïe ya kwanza kabisa, mbele ya bageni, akaifunika, akaingiza ndani ya nyumba. Kisha akasimama kwa mulango na mikono imefungwa. Nikapiga fimbo mara ine, tukaanza.

Sikiliza, tulitazamia batu bafunge masikio. Aka! Cyrille alipiga kelele yake ya kwanza, akaanguka magoti, masizi ikamutelemuka kwenye mashavu. Mama Kyakimwa akageukia benzake.

«Bamama, munaona? Mutoto wa Kindu, ata haiko ndugu ya marehemu, mais anatupita kulia!»

Haya ikabauma. Bakaanza. Cyrille analia, bamama banalia kumushinda, Cyrille anaongeza, bao pia. Kwenye nyimbo ya tatu mutu aliwika sawa jogoo, sijue ni huzuni ao ni nini. Nikaona papa kwa mulango anatikisa kichwa, na nikajua anafikiri nini: hapa banangojea maharagi na pagne, hapana muziki.

Tulikuwa kwenye nyimbo ya saba wakati muzee moya aliingia kwa parcelle, anasukuma kinga, baiskeli yenye magunia ya pomme de terre, matope mupaka magoti. Alipita milima, juu barabara ilifungwa. Kule soko alikuwa ameuliza Grady anakaa wapi, bakamuonyesha kwetu. Akaona kilio, akatosha kofia, akakaa kwa adabu pembeni ya Mama Kyakimwa, karibu ya ngoma yangu. Bass ikanyamaza gafla. Nikageuka: Grady alikuwa anaangalia ule muzee na kinywa wazi.

«Poleni, mama,» muzee akasema. «Nani alikufa?»

«Phinées, wa Kipese.»

«Aka! Miye natoka Kipese. Phinées gani?»

«Tonton wa huyu Grady. Mutu muzuri, alimulea.»

Muzee akafikiri. Akatosha mouchoir, akajifuta macho, juu ukikaa pa kilio unalia, ata kama haujajua vizuri ni nani.

«Na alikufa na nini?»

Mama Kyakimwa akashusha sauti. «Kasiksi.»

«Uongo!» Muzee akaruka juu. «Miye hapana kugusa kasiksi toka kipaimara yangu!»

Ngoma yangu ikasimama yenyewe. Batu bakaangaliana. Kisha mutu akapiga yowe, mikeka ikajipindua, kijana moya akaruka lupango, na mama moya akamumwangia muzee maji ya baraka yenye ilikuwa maji ya kunawia mikono. Phinées, mwenye kulowa, akabakia pale na kofia kwenye mukono.

«Grady,» akasema, «miye nilikufa lini?»

Grady alikuwa amejificha nyuma ya bafle. Mama Kyakimwa akamutosha na sikio.

«Donc nililia mutu mwenye anapumua? Toka barrière mupaka Beni? Maharagi yangu, Grady! Rudisha maharagi!»

«Ile imekwisha, mama.»

Akamuachilia, akageukia Cyrille. «Na weye? Ulikuwa unalia nani?»

«Mama, ni style.»

«Style!»

Batu bakaanza kucheka, na bale hapana kucheka bakaanza kutukana, na bote bakaanza kukamata mabakuli na mikeka yao. Banaondoka. Nikaangalia kwa mulango. Papa alikuwa anaangalia bidon. Nilisikia kasirani ikipanda toka miguu. Yesu na Maria, nyimbo imebakia moya tu, na njo ile!

Mama Kyakimwa akanifikia, na pagne ya rangi bado juu ya bega.

«Na weye, Kavuo? Nyeusi yako pia ni style?»

Nikaangalia papa. Alikuwa bado anaangalia bidon. Na miye nikachoka. Nikasema kwa sauti: «Imebakia nyimbo moya. Mwenye anataka kuenda, aende.»

Cyrille sauti yake ilikuwa imekwisha, alitoa hewa tu. Basi nikaimba miye. Miye sijue kuimba, sauti yangu ni ya kuita mutu ngambo ya mulima. *Sahani yako imefunikwa, bugali yako inapoa.* Nikapiga bidon ya Ésaïe, na ile yenye kupasuka ikalia vibaya, na nikaendelea.

Mama Kyakimwa akaacha pagne ishuke kwenye mukono. Akakaa. Halafu mama ingine akakaa. Quartier yote ilijua ile sahani, toka siku ya kwanza, na hakuna mutu alithubutu kuisema. Sasa hapana tena mashindano ya kulia. Batu balirudisha mabakuli chini, na miye nilikuwa nimeimba maneno yote mbele ya papa.

Papa akaingia ndani ya nyumba. Nikasema mu roho, basi, ameenda kutafuta mafuta ya kujaza bidon. Nikapiga tu.

Akatoka na sahani mikononi, bado imefunikwa. Akapita mbele yangu bila kuniangalia, akaenda mupaka kwa Phinées.

«Ulitoka mbali,» akamwambia. «Kula.»

Phinées akafunua. Alikuwa na njaa ya milima, hakungojea mutu amubembeleze. Alikula nusu mbele ya kuona parcelle yote inamuangalia.

«Muzee, samahani. Hii chakula ilikuwa ya nani?»

«Ya mutoto wangu, Ésaïe,» papa akasema. «Alikufa.»

Niliacha fimbo. Mama Kyakimwa akasimama, akakuya kwangu anajipanguza macho, akaanza kunifungua kola juu anivue ile mupira ya mifupa na kunifunga pagne, juu hakujua afanye nini ingine. Papa akamushika mukono.

«Hiyo muiache, mama. Kilio yake inaanza leo.»

Kisha akanigeukia.

«Rudilia toka mwanzo.»

«Mwanzo ya nyimbo, papa?»

«Mwanzo ya kaseti.»

Akakaa chini kwenye mukeka, mahali bafiwa banakaaka. Tukapiga yote tena, toka ya kwanza, Cyrille bila sauti, Grady na sikio moya nyekundu, na kwenye nyimbo ya tatu Phinées aliwika sawa jogoo na bugali ndani ya kinywa, juu balimwambia pale njo banawikaka. Hakuna mutu aliondoka. Nililia toka mwanzo mupaka mwisho, na papa alikuwa pale.